SOMO: MFARISHI WA VIRAKA NA KALENDA YA KAHAWA



Baridi ya milima yetu haingojei malipo ya kahawa. Mwezi wa Juni unapoingia, ukungu huteremka Kingerikiti na Tingi kabla ya jua kutua, na hiyo ndiyo miezi ambayo buni zinaiva na kila mkono wa nyumba unahitajika shambani. Kahawa huchumwa, humenywa, huvundikwa, huoshwa, huanikwa na kupelekwa chamani. Fedha yake hufika baadaye, aghalabu kipupwe kikiwa kimekwisha na jua la Septemba linachoma. Kwa hiyo wapo wanachama ambao huchukua blanketi dukani kwa mkopo katikati ya Juni, kwa ahadi ya kahawa iliyo bado mtini. Katibu anayezijua nyumba za wanachama wake analijua pia deni hilo. Halimo katika vitabu vya chama, lakini hula malipo ya mwanachama kabla hayajafika mkononi.

Somo la leo lahusu njia mojawapo ya kuliepuka deni hilo, nayo ni kushona mfarishi wa viraka nyumbani. Mfarishi ni funiko nene la tabaka tatu, yaani uso, ujazo na bitana, lililopitishwa sindano toka upande hadi upande likawa kitu kimoja. Huku kwetu wengi wataliita tu blanketi la viraka, na wala si jina baya. Kiraka kilipata sifa mbaya kwa kuwa tulizoea kukiona juu ya goti la suruali. Wenye umri wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, nguo zilipokuwa adimu nchini na kiraka kikawa alama ya shida. Baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu bidhaa kuingia kwa urahisi zaidi, mitumba ilifika hadi magulioni kwetu, na wengi wakaona hakuna haja tena ya kuunga vipande. Haja ipo, ila lazima kazi yenyewe ifanywe kwa majira yake. Mtu anayeanza kushona siku anayohisi baridi amekwisha kuchelewa miezi sita.

Kazi ianze lini?

Ianze Desemba. Mwezi huo mafundi cherehani hushona nguo za Krismasi, na mara tu baada yake sare za shule za Januari. Chini ya kila cherehani kuna lundo la vipande ambalo jioni hufagiwa na kuwashiwa moto. Mwombeni fundi ayatie katika mfuko badala ya kuyachoma. Wengine watatoa bure. Wengine, wakishaona kuwa vinatafutwa, watataka chochote. Kwa sababu hiyo ni afadhali kikundi kizima kizungumze na fundi kwa sauti moja kuliko kila mama kwenda kwa siri na kumpandishia mwenzake bei. Katibu wa kikundi aandike katika daftari uzito uliopokelewa, tarehe, na jina la aliyechukua. Ugomvi wa vitambaa huanza pale isipojulikana nani alibeba vipande vizuri.

Januari na Februari ni miezi ya mvua kubwa. Alasiri nyingi hupita ndani ya nyumba, na ndipo pa kukata na kuunga. Nasema alasiri wala si usiku, kwa maana kushona kwa koroboi huharibu macho, na kitambaa kikilalia utambi huenda na nyumba.

Machi sindano iwekwe. Huo ni mwezi wa ngoro na maharage, na hakuna mfarishi unaostahili kumtoa mama shambani wakati huo. Aprili na Mei turudi: tabaka zipangwe, zishonwe pamoja, na pindo litiwe. Mwisho wa Mei kazi iwe kitandani. Hiyo ndiyo kalenda, na mwenye kuifuata hatahitaji kumwomba mwenye duka.

Ndugu zetu wa pwani ya Ziwa, Mbamba Bay na Liuli, hawana baridi ya milimani, lakini upepo wa mwera wa Juni na Julai wanaujua. Kwao tabaka mbili tu, uso na bitana bila ujazo, zatosha, na kazi hupungua sana.

Kuchagua vitambaa

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe laweza kuumiza mtu. Vipande vitakavyoletwa vitakuwa vya pamba, vya poliesta, na vya mchanganyiko. Nguo nyingi za sare zina poliesta ndani yake. Kwa jicho ni vigumu kuvitofautisha. Chukua nyuzi chache za kila kitambaa, zishike kwa koleo juu ya bati, mbali na vipande vingine, uziwashe. Pamba huwaka kwa mwali, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha jivu jepesi la kusagika. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na huacha kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko hufanya yote mawili.

Kidonge hicho ndicho sababu ya somo hili kuwa kali. Wakati wa kipupwe watoto wetu hulala karibu na mafiga. Cheche ikiangukia pamba, nguo huungua, na huweza kutupwa au kuzimwa. Ikiangukia poliesta, nguo huyeyuka na kugandamana na ngozi. Funiko la mtoto anayelala jikoni liwe la pamba tupu juu na chini, hata kama rangi zake si za kupendeza. Vipande vya poliesta vifanyiwe mito ya viti au tandiko la sebuleni.

Baada ya kuchagua, vyote vifuliwe kabla ya kukatwa. Pamba mpya hurudi ikiloweshwa; ukiunga kipande kipya na kipande cha nguo iliyokwisha kufuliwa mara mia, siku ya kufua kipya kitavuta na uso wote utajikunja. Vitambaa vya rangi nzito vifuliwe peke yake mpaka maji yatoke meupe. Mwandishi wa somo hili aliwahi kuunga kaniki mpya na vipande vyeupe vya shuka, akitaka ionekane kama bao. Ilionekana hivyo kwa muda wa wiki sita. Baada ya kufuliwa mara moja ilikuwa ya buluu yote, na ndugu wa nyumbani hawajaacha kuulizia lile bao.

Mitumba na nguo kuukuu zichemshwe. Kunguni na mayai yake hujificha katika mishono, na mfarishi una mishono mingi kuliko vazi lolote.

Hesabu ya vipande

Tuchukue funiko la mtu mzima mmoja, upana sentimita 150 na urefu sentimita 195. Tukiamua kila kiraka kionekane cha sentimita 15 kwa 15, tunahitaji viraka 10 kwa upana na 13 kwa urefu, jumla 130. Lakini kila kiraka kinahitaji sentimita 1 ya nafasi ya mshono kila upande. Basi hukatwa sentimita 17 kwa 17.

Sasa tazameni kinachopotea. Kiraka kilichokatwa kina sentimita za mraba 289. Kinachoonekana ni 225. Zaidi ya sehemu moja ya tano ya kitambaa imeingia ndani ya mishono. Mama akipenda viraka vidogo vya sentimita 7, atakata 9 kwa 9: ni sentimita za mraba 81 ili apate 49, yaani karibu sehemu mbili za tano zimepotea, na mishono imezidi maradufu. Akitumia viraka vya sentimita 30, vilivyokatwa 32, hupoteza kama asilimia 12 tu. Viraka vidogo vinapendeza, lakini ni anasa ya mwenye vitambaa vingi na alasiri nyingi. Kwa mfarishi wa kwanza nashauri 15. Vipande vya fundi huruhusu kipimo hicho bila taabu.

Tuhesabu na mshono. Kuunga viraka kumi kuwa safu moja ni mishono 9. Safu ni 13. Hiyo ni kama mita 20 za mshono. Kuunga safu zenyewe ni mishono 12 ya mita moja na nusu, kama mita 18. Kupitisha sindano katika tabaka tatu kwa kufuata mistari ya viraka, wima na ulalo, ni mita 35 na nusu. Pindo la kuzunguka ni kama mita 7. Jumla ni mita 80 na kidogo. Mkono uliozoea hushona mita moja kwa dakika 20 hivi, kwa hiyo ni saa 27. Ongezeni kukata na kupanga, tuseme saa 10. Mwenye kupata alasiri tatu kwa wiki, saa moja kila mara, atahitaji wiki 12 au 13. Hesabu hii ndiyo iliyotupatia kalenda ya hapo juu. Uzi kwa mkono hula kama mara moja na nusu ya urefu wa mshono: kwa uzi mmoja, mita 120.

Kukata na kuunga

Tengeneza kigezo cha kadibodi ngumu au bati, sentimita 17 kwa 17, pembe zake zikiwa sawasawa. Kigezo kiwe kimoja kwa kikundi kizima. Kila mmoja akikata chake kwa kukadiria, viraka vya mama huyu havitaungana na vya yule. Pande za kiraka zifuate nyuzi za mtande na mshindio. Kikikatwa mshazari huvutika kama mpira, na safu yote huyumba.

Nafasi ya mshono isibadilike. Kosa dogo hapa ni kama senti inayokosewa kila siku katika kitabu cha mapokezi. Tuseme safu moja imeshonwa kwa nafasi ya sentimita 1 na nyingine kwa sentimita 1.2. Kila mshono wa safu ya pili umekula milimita 4 zaidi, na mishono ni 9, kwa hiyo safu ya pili ni fupi kwa milimita 36. Hakuna kuvuta kutakakozisawazisha, lazima kufumua. Piga mstari wa chaki nyuma ya kila kiraka, na sindano iufuate. Mishono mitatu katika kila sentimita yatosha.

Kabla ya kuunga chochote, panga viraka vyote 130 juu ya mkeka, simama mbali, tazama. Anayejua ngoro anajua kazi hii. Huko shambani majani yaliyofyekwa hupangwa kwanza kwa mistari inayokatana mpaka mteremko wote umegawanyika miraba. Ndipo akina mama huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya majani. Hakuna anayechimba shimo la kwanza mistari ikiwa haijapangwa. Ukikaa ng'ambo ya bonde wakati mahindi yamekwisha kuvunwa, utaona mlima mzima umeshonwa.

Ujazo na bitana

Ujazo ulio bora kwetu ni blanketi kuukuu, hata lenye matundu, au sweta za sufu za mitumba zilizofumuliwa mishono na kutandazwa. Sufi ya mti ni nyepesi na hutia joto, lakini hukimbilia pembeni na hujikusanya ikifuliwa. Mwenye kuitumia apitishe sindano kwa mistari ya karibu zaidi, na asiutie mfarishi wake majini mara kwa mara.

Magunia ni jambo la kusemwa wazi. Mifuko iliyochukua mbolea au dawa za kahawa isiingie ndani ya kitu cha kulalia, hata ikifuliwa mara ngapi. Na magunia ya kahawa yaliyogawiwa na chama ni mali ya chama, yamo katika daftari la ghala, nayo si ujazo.

Kwa bitana, doti moja ya khanga kuukuu, zikiungwa kwa upande mrefu, aghalabu hutosha. Tandaza bitana chini, uso wake ukielekea mkekani. Juu yake ujazo. Juu kabisa uso wa viraka. Piga bandi kubwa kubwa kutoka katikati kwenda pembeni ili tabaka zisihame, kisha ndipo ushone mshono wa kudumu, nao pia kutoka katikati. Kazi hii ni nzito kwa mmoja. Akina mama wanne, kila mmoja upande wake, huimaliza haraka, na kundi likizunguka kwa zamu kila nyumba hupata wake. Vueni bandi mwishoni.

Mfarishi ufuliwe Septemba au Oktoba, jua likiwa kali, maana ukilowa ni mzito na katika kipupwe hautakauka ndani mpaka unuke.

Njia ya wasio na mkasi

Ipo njia nyingine isiyotaka kigezo wala hesabu, nayo ina historia inayotuhusu. Katika jimbo la Karnataka, upande wa magharibi wa India, wako Wasidi, watu ambao mababu wengi wao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika ya Mashariki na kupitishwa katika bandari za Wareno kama Goa. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi. Hutandika sari kuukuu kama bitana, huanzia kwenye kona, na huweka kiraka cha ukubwa wowote, kingo zake zikikunjwa ndani, huku wakishona tabaka zote kwa mara moja. Huzunguka ukingo wote, kisha hurudi kwa mzunguko wa ndani, mpaka sindano ikutane katikati. Kwenye kona huongeza vipembe vilivyokunjwa, waviitavyo ua, na wengi wao huona kazi haijakamilika bila hivyo.

Kwa mama mwenye vipande vya kila umbo, njia hii hupoteza kitambaa kidogo zaidi, na hana hatua tatu bali moja tu. Ugumu wake ni kwamba akikosea katikati, hakuna safu ya kutoa. Na ni vigumu kuigawanya kazi mapema kati ya watu wengi.

Je, tushone ili tuuze?

Swali hili huulizwa katika kila kikundi, na makatibu watakuwa wa kwanza kuulizwa. Tutazame chama kilichojaribu. Mwaka 1966, huko Wilcox katika jimbo la Alabama, Marekani, wanawake weusi, wengi wao wakulima wapangaji wa mashamba ya pamba, waliunda chama cha ushirika kiitwacho Freedom Quilting Bee. Majirani zao wa Gee's Bend walikuwa wameshona mifarishi ya nguo za kazi zilizochakaa kwa vizazi kadhaa, kwa sababu nyumba zao zilipitisha upepo. Chama kiliuza mifarishi kwa mnada New York, kikanunua ekari 23 za ardhi, na baadhi ya viwanja vikawafikia familia zilizofukuzwa mashambani kwa kudai haki zao za kupiga kura. Hayo ni mafanikio ambayo ushirika wowote ungejivunia.

Lakini angalieni fedha ya kila mwezi ilitoka wapi. Maduka makubwa ya mjini yalitaka mifarishi inayofanana, kipimo kilekile na rangi zilezile, ilhali mikono ile ilizoea kubuni. Kuanzia mwaka 1972 mapato ya uhakika yalitokana na mkataba wa kampuni ya Sears wa kushona foronya za mito, kazi ya kurudia kitu kimoja. Mabaki ya kitambaa hicho ndiyo yaliyokwenda nyumbani na kuwa mifarishi. Chama kilifungwa mwaka 2012. Mifarishi ya Gee's Bend imeonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa tangu 2002, na mwaka 2006 ilitiwa kwenye stempu za Marekani.

Maoni yangu ni haya, na halmashauri ziko huru kuyapinga. Mfarishi mmoja ni saa 37 za kazi. Gulioni utauzwa pembeni ya blanketi la mtumba, na mnunuzi atalipa bei ya mtumba. Mama atakuwa ameuza saa zake kwa hasara bila kuiona, kwa sababu vitambaa alivipata bure. Msimu wa kwanza na wa pili washone kwa ajili ya vitanda vya nyumba zao. Faida ni deni lisilokopwa, nayo ihesabiwe hivyo katika daftari. Kikundi kitakachopata mnunuzi wa kudumu mwenye oda ya maandishi, kipimo na malipo ya awali, kije kwa katibu kabla ya kukata kitambaa.

Maswali ya kujadili katika kikao cha Novemba

1. Katika kijiji chenu kuna mafundi cherehani wangapi, na nani atazungumza nao kwa niaba ya kikundi?

2. Funiko la mtoto lina upana wa sentimita 90 na urefu wa sentimita 120. Kwa viraka vya sentimita 15, vinahitajika vingapi, na mita ngapi za mshono wa kuunga?

3. Kila mwanachama ataje, kama yuko radhi, ni fedha kiasi gani alitoa au alikopa kwa ajili ya mablanketi kipupwe kilichopita. Katibu aandike jumla tu, bila majina.

4. Kila mmoja alete nyuzi za vitambaa vitatu. Jaribio la moto lifanyike nje ya ofisi, si ndani, kwa kuwa kuna makaratasi.